Nta kwenye Bolti

3 Machi

Mvua ya kwanza imepiga bati alfajiri, ikaacha, ikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli wake. Kazi ya kila mwaka nilikuwa nimeichelewesha kwa sababu ya kiuno, lakini leo nimeimaliza. Nimezunguka chumba kwa nje na spana na kipande cha mshumaa, nikafungua kila bolti, nikafuta meno yake, nikapaka nta, nikairudisha. Haikazwi sana. Nguvu ya mkono, halafu nusu mzunguko.

Bolti za ndani, zile nne zinazoshikanisha chumba chetu na cha jirani, zilikuwa kazi ya mke wangu. Tangu afariki sijazigusa. Naona kama kuingia jikoni mwake na kumpangia sufuria.

Niandike sababu ya nta, maana wanaoijua wanapungua. Vita vilipotutoa kwetu tukafika hapa, malori yalituletea nyumba zikiwa vipande: fremu za chuma, paneli za ukuta, bati, na magunia ya bolti. Tulijiunganishia wenyewe. Tukaambiwa ni vyumba vya muda tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa spana siku ileile ya kwanza. Katika msafara wetu alikuwamo fundi mmoja tuliyemwita Fundi Mrefu, mtu aliyeinama kwenye kila mlango, hata ule uliomtosha. Alipita safu kwa safu akisema, "Msikaze mpaka mwisho. Pakeni nta. Siku ya kurudi, nani atabaki hapa kugombana na kutu?"

Tukapaka. Na kila mwaka kabla ya masika tukafungua na kupaka tena, ili siku ya kurudi itukute tayari. Safu za chini walichoka mapema, wakamwaga zege kwenye miguu ya nyumba zao. Safu yetu, ya juu, iliendelea kwa ukaidi.

Fundi Mrefu amezikwa hapahapa, kwenye mteremko nyuma ya shule. Kaburi lilibidi lirefushwe.

9 Machi

Binti wa marehemu kaka yangu amehamia kwangu kwa msimu huu. Amekuja na begi moja, buti mbili na mashine ndogo ya hesabu, akalala kwenye kitanda cha kukunja karibu na jiko. Alizaliwa hapa, akasomea mjini, sasa ameajiriwa na kampuni inayojenga vyumba vipya vya mtaa wetu. Vyumba hivyo hutengenezwa kwenye yadi iliyo chini ya mlima, kila kimoja kikiwa kamili, na madirisha yake na nyaya zake, kisha hubebwa na lori na kupangwa kwa winchi.

"Na wewe unajenga nini?" nilimuuliza.

"Sijengi, Baba Mdogo. Nahesabu hewa ukaa."

"Hewa inahesabiwa?"

"Chumba kina moshi wake hata kabla hakijawashwa jiko. Chuma kiliyeyushwa motoni mahali fulani. Saruji ilichomwa. Lori limekunywa dizeli. Gesi zote hizo zinapanda juu, zinaongeza joto. Mimi najumlisha, nakuwa na jumla ya mradi mzima, na mradi umewekewa kikomo."

"Ukivuka kikomo?"

"Wenye fedha wanaondoka. Awamu ya pili haijengwi."

Awamu ya pili ni sisi, watu wa safu za mlimani, juu na chini. Awamu ya kwanza ni ya watu wa bondeni, ambao vyumba vyao vilishaanguka. Nikamuuliza sisi tutapelekwa wapi isipojengwa. Akanijibu bila kupepesa, kama anayesoma bei za sokoni: serikali itatugawa kwenye nafasi zilizo wazi, mji huu wanne, mji ule watatu, kwa kuwa vyumba hivi vyetu havitakiwi kukaliwa mvua nyingine.

Amerithi macho ya kaka yangu. Ila kaka aliyatumia kutazama watu.

Tulishatawanywa mara moja. Katika maktaba niliyokuwa nikiitunza kule kwetu, kitabu kilichopotea tulikiandikia kadi nyekundu na kukitafuta. Sisi hatukuandikiwa kadi.

14 Machi

Nimeshuka yadini kumpelekea mwavuli. Vyumba vipya vimepangwa uwanjani kama masanduku ya watu wanaongoja safari, na ndani ya kila kimoja kuna fundi anayepiga mluzi. Waliponitambua, mmoja alisema, "Mzee, pumua polepole. Binti yako yuko karibu, atakuandika."

"Mimi jana nilipiga chafya," alidakia mwenzake. "Nimekatwa nusu kilo."

Binti alikuwa amechuchumaa kwenye jenereta, akichovya kijiti kwenye tangi kuona dizeli imeshuka kiasi gani. Hakucheka, hakukasirika. Akachukua mwavuli, akauweka juu ya karatasi zake, yeye mwenyewe akabaki mvuani.

22 Machi

Mvua.

23 Machi

Mvua. Ndoo tatu ndani, na sufuria moja chini ya tone jipya.

27 Machi

Daraja limefunikwa na maji. Malori yanayoleta chuma na saruji sasa yanazunguka mlima mzima. Umeme nao unakatika kila mchana, kwa hiyo jenereta inanguruma mpaka jioni. Zege la misingi miwili limeoshwa na mvua kabla halijashika, limevunjwa, limemwagwa upya.

Jioni msimamizi wa ujenzi alimfuata binti mpaka mlangoni kwangu. Mafundi wanamwita Leoleo, kwa kuwa kila jambo analitaka leo leo. Ni mtu mnene, mwenye huruma usoni na saa kubwa mkononi. Walisimama chini ya upenu, nami nilikuwa ndani nikimenya viazi, sikuweza kujizuia kusikia.

"Andika lori limepita darajani," alisema Leoleo.

"Daraja liko chini ya maji, bosi."

"Kwenye mpango lilipita darajani."

"Mpango haunywi dizeli."

"Dada yangu, mvua ni kazi ya Mungu. Kwa nini tubebeshwe sisi?"

"Mungu hakuwasha jenereta."

Leoleo akavuta pumzi. "Unajua nani atalala nje ukiandika hivyo? Si mimi. Ni huyu mzee wako humo ndani."

Nikasikia maji yakishuka kwenye mfereji wa bati. Kisha binti akasema, "Moshi ukishatoka umetoka. Nikiuandika, nisipouandika, uko juu kule."

Leoleo aliondoka bila kuaga. Binti aliingia, akakaa, akachukua kisu na kumenya viazi nami.

5 Aprili

Amejumlisha awamu ya kwanza. Wamevuka sehemu yao, tena kwa mbali. Kikomo ni kimoja kwa mradi mzima, kwa hiyo kilichozidi huku lazima kipunguzwe kule, kwenye vyumba vyetu. Anasema hakuna pa kupunguza. Mbao zimeshapunguzwa, saruji imeshapunguzwa. Kilichobaki ni chuma cha fremu, na chumba hakisimami bila fremu. Mkaguzi wa wenye fedha atakuja mwisho wa Mei.

Alilala na buti.

8 Aprili

Leo tumegombana. Niandike kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Alirudi amelowa, akataka kutundika koti la mvua kwenye bolti iliyo kando ya mlango, chini ya upenu. Bolti ikazunguka, koti likaanguka matopeni.

"Baba Mdogo, hii imelegea."

"Haijalegea. Imepakwa nta."

Akaitazama kama daktari anayetazama ulimi. Akaizungusha kwa vidole viwili mpaka ikatoka, akainusa, akairudisha. Akaomba spana. Akatoka, akazunguka chumba chote kwenye mvua ileile, nami nikimfuata kwa masikio kutoka kona moja hadi nyingine. Aliporudi alikuwa na matope mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza msimu huu nilimwona anatabasamu.

"Zote zinafunguka."

"Zote."

"Na safu nzima?"

"Safu nzima, ukiwaondoa wavivu."

Akakaa kitandani kwangu bila kuomba ruhusa, akanieleza. Katika mpango wa kampuni, vyumba vyetu vimeandikiwa kuvunjwa kwa katapila na kutupwa. Kila mtu aliamini kutu imevigandisha, kwamba huwezi kutoa fremu bila kuikata vipandevipande. Lakini fremu ikitoka nzima inasafishwa, inaimarishwa pembeni, inabeba chumba kipya. Hakitaagizwa chuma kingine kwa ajili ya awamu ya pili. Jumla itashuka, pengine chini ya kikomo. "Ila lazima tujaribu kimoja kabla mkaguzi hajaja," alisema. "Cha kwanza kiwe hiki."

Nikamwambia hapana.

"Baba Mdogo, ukikataa wewe, safu yote itakataa."

"Hizo bolti hazikupakwa nta kwa ajili ya kampuni."

"Zilipakwa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kurudi."

"Lini?"

Neno dogo vile, na mimi nina majibu marefu tu.

"Mimi huko kwenu sikujui," akasema. "Mimi kwetu ni hapa. Na hapa ndipo panapotaka kutawanywa."

Nikamwambia kaka yangu asingesema nami kwa sauti ile. Akasema baba yake alifia kwenye chumba kinachovuja, hakupata nafasi ya kusema mengi.

13 Aprili

Mvua. Hatusemezani, isipokuwa salamu na "nipe chumvi."

16 Aprili

Mvua. Chumvi imeyeyuka koponi.

19 Aprili

Kulikucha bila mvua, nikapanda mteremko wa nyuma ya shule kung'oa nyasi makaburini. Mke wangu amelala pale, ubavuni mwa mtoto wetu wa kwanza, aliyekufa kwa homa katika masika yetu ya pili hapa. Alikuwa ndio kwanza anajifunza kusema. Alikuwa akiita mvua kwa jina alilolitunga mwenyewe, na mimi, niliyekuwa nikipanga maelfu ya vitabu kichwani, jina lile limenitoka.

Nilikuta nyasi zimeshang'olewa. Mama Pacha alikuwa ameketi juu ya jiwe akipumzisha magoti. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shoga wa mke wangu tangu siku ya malori. Pacha wake wamekuwa wanaume wenye vipara, jina limebaki.

"Shemeji," akaniambia, "nasikia umemnunia mtoto."

"Anataka kunifungulia nyumba kama kopo."

"Na wewe unangoja nini? Gari la kurudi? Likija nitakuamsha, mimi silali."

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Mimi wakinipeleka mji mwingine kwa uzee huu, nani atang'oa nyasi hapa? Nyasi hazijui kwamba tuko safarini."

Nilishuka nimekasirika. Nimekasirika mpaka sasa, ila sijui ni kwa nani.

25 Aprili

Mchana kutwa nimejaribu kukumbuka mlango wa maktaba yetu ya kule ulikuwa unafungukia ndani au nje. Naukumbuka ubao wake, ufa uliokuwa juu ya kitasa, harufu ya mafuta tuliyopaka bawaba, sauti ya mwanafunzi anayeingia akijifanya hakuchelewa. Najiona nikiusukuma. Halafu najiona nikiuvuta. Kila mara najiona vizuri kabisa.

Hakuna tena mtu hai wa kumuuliza.

Niliporudi kutoka kisimani nilikuta mezani mshumaa mpya, mnene, mweupe, kando ya spana yangu. Kipande cha mwaka huu kilikuwa kimekwisha, na binti sikumwambia. Yeye alikuwa ameshakwenda kazini. Nikachungulia dirishani, nikamwona kwa mbali, koti la njano, amechuchumaa kwenye jenereta na kijiti chake. Kaka yangu alikuwa akichuchumaa vile alipokuwa akitafuta kitu kilichopotea cha mtu mwingine.

26 Aprili

Asubuhi nilimwambia, "Anzeni na changu."

Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia asiniulize mara ya tatu, maana hiyo ndiyo huwa naifikiria.

3 Mei

Mvua ilitupisha. Tangu asubuhi walikuja mafundi wawili, Leoleo na saa yake, na safu nzima wakiwa na viti vyao kama watu waliokuja kuangalia mpira. Vitu vyangu vilikuwa vimeshatolewa na kufunikwa turubai: kitanda, vitabu, jiko, sanduku la mke wangu.

Niliomba bolti ya kwanza niifungue mimi. Ilitoka kama kizibo. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Fundi Mrefu, uko wapi uone," na watu wakacheka kicheko cha zamani, kile cha siku tulipokuwa vijana wenye spana. Mafundi wakaendelea. Nyingine walizimaliza kwa vidole. Paneli ya mbele iliposhuka, mwanga uliingia chumbani mpaka kwenye pembe ambayo haijawahi kuuona, nikaona jinsi chumba kilivyo kidogo. Nilikuwa nimeishi ndani yake kana kwamba ni kikubwa.

Leoleo alishika bolti kiganjani, akaigeuzageuza. Mara hii hakutazama saa. "Nimevunja nyumba maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kuona nyumba iliyojiandaa kuvunjwa."

Zikabaki zile nne za ndani, zinazoshika ukuta wa Mama Pacha.

Fundi akaweka spana. Haikwenda. Akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Haikwenda. Akakwangua rangi kwa kisu: ilikuwa ya buluu, chini yake krimu, chini yake kijani, rangi zote nilizozinunua mimi kwa miaka tofauti, na chini ya rangi zote kutu, kutu iliyoshiba, bolti na nati zimekuwa kitu kimoja.

"Mzee," akasema, "hizi hazijaguswa tangu enzi na enzi."

"Haiwezekani. Mke wangu alikuwa akizipaka kila mwaka. Nilikuwa niko nje, namsikia. Nilisikia spana yake ikigonga."

Mama Pacha alianza kucheka, kisha akaacha. Akanijia, akashika mkono wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Alikuwa anagonga tu, shemeji."

"Unasema nini?"

"Alikuwa anagonga spana kwenye bolti ili usikie. Mimi nilikuwa naye humo ndani, tunakunywa chai. Anagonga, anakunywa, anagonga."

Leoleo alitazama chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mliomzika mtoto. Aliniambia, 'Mume wangu akirudi kwao atawakuta ndugu zake. Mimi nikirudi, huyu namwachia nani?' Akasema yeye hatoki. Hizi nne akazipaka rangi, basi."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, na wewe ungeacha za nje." Akaniachia mkono. "Alisema lazima mtu uwe na kitu cha kungojea. Alikuwa anakuonea huruma, shemeji. Na chai ilikuwa tamu."

Nilikaa juu ya sanduku lake. Fundi alikuwa ameshaleta msumeno wa umeme. Leoleo hakusema leo leo. Binti alimwambia fundi angoje, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Tunaweza kuiacha fremu hii, Baba Mdogo. Tukajaribu nyingine."

Nikamuuliza, "Zikikatwa hizi nne, fremu inabaki nzima?"

"Inabaki nzima."

"Basi kateni."

Cheche ziliruka mpaka kwenye majani, nikafumba macho. Bolti zilipokatika, chumba chetu kiliachana na cha Mama Pacha kwa mlio mdogo, kama kiti kinachosogezwa. Nilipofungua macho, binti alikuwa anaandika. Nilimuuliza anaandika nini sasa, hata wakati huu. "Umeme wa msumeno," akasema, na machozi yalikuwa yanamshuka.

Vichwa vinne vya bolti viko mfukoni mwangu.

4 Mei

Nimewekwa kwenye chumba cha mfano, yadini. Kuta nene, dari nzuri. Mvua imenyesha na sikuisikia. Sikulala.

11 Mei

Nafikiri juu ya ule mlio wa spana. Kila mwaka, mimi kona ya nje, yeye ndani, na kila nilipousikia nilijiambia: tuko pamoja katika jambo hili. Kwa miaka mingi sana niliusikia. Najaribu kuona uchungu, nasikia chai.

Bado sijamaliza kufikiri.

15 Mei

Mvua nyepesi. Wamefungua vyumba vya majirani sita.

25 Mei

Safu ya juu imekwisha kufunguliwa. Fremu zote zimetoka nzima. Zile za safu za chini zilizomwagiwa zege zimekatwa juu ya miguu, na nyingi zimefaa kwa kuungwa. Yadini zimepangwa, zimesuguliwa, zinang'aa kama vijiko vya wageni.

Mkaguzi wa wenye fedha alikuja jana, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa matope. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa chumba cha mfano, nikawasikia. Binti hakuficha kitu: malori yaliyozunguka mlima, jenereta, zege lililomwagwa mara mbili, hata ule msumeno. Mkaguzi akamuuliza kama ana hakika anataka yote hayo yabaki kwenye jumla. Akasema yote yatabaki. Nikatazama uso wa Leoleo. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Jumla ikaja chini ya kikomo. Kwa unywele, lakini chini. Awamu ya pili itajengwa, palepale tulipokuwa, majirani walewale kando ya majirani walewale.

"Haya," Leoleo akasema akifungua macho, "tunaanza leo."

Baadaye nilimwambia binti kwamba nilikosea kuhusu macho yake. Hakuelewa, na sikumfafanulia. Akanieleza alichoandika katika masharti ya awamu ya pili: kila kiungo kitafungwa kwa bolti, hakuna kuchomelea, hakuna zege kwenye miguu, na kila bolti itapakwa nta. "Ili anayekuja baada yetu afungue kwa vidole," akasema. "Zitumike tena na tena."

Nta ya Fundi Mrefu imeingia kwenye mkataba. Nimepitia kaburini kwake kumwambia.

14 Juni

Jua. Matope yamekauka yakabaki na nyayo za kila mtu.

Leo winchi imeshusha chumba changu. Fremu ni ileile, naitambua kwa alama ya tindo kwenye nguzo ya kushoto, kosa langu la mwaka wa kwanza. Kuta ni mpya, bati jipya, na nimeomba wasiweke dari upande mmoja, ili nisikie mvua; binti aliuliza, akapiga hesabu, akasema inakubalika.

Nilizunguka nje na mshumaa mnene ule alioninunulia. Bolti zote nimezipaka mwenyewe, taratibu, nguvu ya mkono na nusu mzunguko. Sikuwa namngoja yeyote. Nilikuwa nafikiria mtu nisiyemjua, ambaye hajazaliwa, siku moja akishika spana na kushangaa jinsi zinavyofunguka.

Kisha nikaingia ndani. Chumba cha Mama Pacha kilikuwa kimeshasogezwa ubavuni, na fundi alikuwa ameshaingiza bolti nne za ukuta wa pamoja. Alininyooshea mkono apewe mshumaa.

"Hizi usipake," nikamwambia. "Kaza mpaka mwisho."

Fundi akamtazama binti. Binti akanitazama mimi.

"Baba Mdogo, zote zinatakiwa zifunguke. Tumesaini."

"Hizi nne zihesabu hasara."

"Nitalazimika kuziandika."

"Ziandike. Nani amesema uzifiche?"

Upande wa pili wa ukuta Mama Pacha alikuwa akiweka birika jikoni, tulimsikia. Fundi alikaza, chuma kikalia, akakaza tena mpaka spana ikakataa. Binti akasimama na kalamu yake.

"Kuna nafasi ya sababu," akasema. "Niweke sababu gani?"

"Andika kwamba mama mwenye nyumba hataki kuhama."

Akaandika.